Damu ya Mke Mwenza

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alijifungua siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya umma, asubuhi ambayo mji mzima wa Kindu ulikuwa na mapanga na majembe mkononi, ukifyeka majani kandokando ya reli kama chama kilivyoagiza. Ndiyo maana hatukupata mwanaume wa kutusaidia kumpeleka hospitali. Alitembea kwa miguu yake, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kiunoni, na kila uchungu ulipomshika tulisimama tukangoja upite. Mimi nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe mgongoni, bado ananyonya. Mama alitutangulia na beseni kichwani. Ndani mlikuwa na vikwembe, zile nguo zetu za kujifunga, wembe mpya, sabuni na makaa ya kupikia, kwa sababu hospitali ya wakati ule ilikupa kitanda na daktari. Mengine yote ulikuja nayo.

Yaya alikuwa mke wa pili wa mfanyakazi wa reli, mtu aliyesafiri na treni za mizigo mpaka Kongolo na Kabalo, na ambaye safarini ndiko kulikokuwa kwake hasa. Mke wa kwanza alitoka Punia, kwenye misitu ya kaskazini. Waliishi kiwanja kimoja, nyumba mbili zinazotazamana, na walikuwa wameacha kusemeshana tangu zamani. Yaya akitaka chumvi ya upande wa pili, alimtuma mtoto. Mwenzake akitaka kamba ya kisima, naye alimtuma mtoto. Ugomvi ulianzia wapi, sidhani kama hata wao walikumbuka. Mama yangu hakusaidia. Sisi tulikuwa watu wa mtaa wa Waislamu, wajukuu wa wale waliofika na misafara kutoka pwani, na mama alijiona muungwana. Yule wa Punia alimwita "mutu wa pori," tena bila kupunguza sauti.

Mume wangu alikuwa Kampene kwenye machimbo, anakuja akipata gari. Kwa hiyo kazi ya kumlinda mgonjwa iliniangukia mimi. Kwetu mgonjwa halali hospitali peke yake. Lazima awe na wa kumpikia, kumfulia, kumwogesha, na kumkimbilia munganga, yaani daktari, mambo yakiharibika. Nilidhani ni kazi ya siku mbili tatu.

Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia mara moja. Mkunga wa materinite, wadi ya wazazi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimfuta akamweka pembeni, akawa anamtania Yaya kwamba amezaa askari. Kisha nilimwona anatazama godoro.

Damu ilikuwa inatoka. Nilikuwa nimezaa, nilijua damu ya uzazi. Hii haikuwa hiyo. Ilitoka polepole, bila kelele wala maumivu, kama maji ya mfereji uliosahauliwa wazi, ikalowesha kikwembe, ikalowesha cha pili, ikaanza kudondoka sakafuni. Yaya mwenyewe alikuwa anatabasamu. Alisema anasikia baridi.

Mkunga aliweka mkono juu ya tumbo lake akaanza kulikanda kwa nguvu, uzito wote wa mabega yake ukiwa pale.

"Tumbo imelegea," akaniambia bila kugeuka. "Inafaa iwe nguvu kama jiwe, njo damu itajifunga. Leta mutoto, umuweke kwenye ziwa. Akinyonya, tumbo itakaza."

Nilimweka mtoto kwenye ziwa la dada yangu, nikamshikilia pale kwa mikono miwili. Alinyonya kidogo, akalala. Nikampiga kidole cha mguu, akanyonya tena. Mkunga akamchoma Yaya sindano pajani, akaendelea kukanda. Jasho lilimtoka puani. Kila Yaya alipofumba macho alimpigia kelele: "Usilale! Semezana na mimi! Mutoto utamuita nani?"

"Sijue," Yaya alijibu, sauti imekuwa nyembamba. "Baba yake atasema."

Daktari alikuja kutoka chumba cha upasuaji akiwa bado na aproni ya mpira. Alikuwa kijana, mtu wa Kasai, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala, na alikuwa peke yake kwa hospitali nzima. Baadaye ningemwona mara nyingi akipita ukumbini chini ya picha ya Raisi, na siku zote alitembea kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono, Yaya akapiga kelele ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka, na daktari akatoa kipande cha kondo kilichokuwa kimebaki ndani. Damu ikapungua. Haikusimama kabisa, lakini ikapungua.

Alivua glavu akatutazama mimi na mama.

"Iliyotoka ni mingi mno. Serumu nimemuwekea, lakini serumu ni maji na chumvi. Anahitaji damu. Na damu haiko ndani ya farmasi. Iko ndani ya batu. Muniletee batu."

Walianza na mimi. Fundi wa maabara alinichoma kidole, akaweka tone kwenye kigae cheupe, akachanganya na tone lililotokana na damu ya Yaya. Nilisimama nikitazama. Lile tone jekundu lilikatikakatika, likawa chembechembe, kama maziwa yaliyoharibika.

"Zinakataana," alisema. "Yako haiwezi."

"Tumetoka tumbo moja," nikamwambia.

"Hata kama."

Jambo hilo liliniuma kupita kiasi, kana kwamba nimekanwa. Mama alikataliwa hata kabla ya kuchomwa. Alikuwa mzee, mwembamba, na kope zake za ndani zilikuwa nyeupe. Shemeji, mume wa Yaya, alikuwa amekwama Kibombo. Gari moshi lilikuwa limeanguka nje ya reli, na njia ilikuwa imefungwa. Nilikimbia mpaka kwa wadogo zake. Mmoja alisema ana malaria. Mwingine alisema damu ya mwanaume haiingizwi kwa mke wa ndugu yake, hiyo ni kuchanjana, ni kufanya undugu mwingine usio na jina. Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka tayari, na ilikuwa bado asubuhi.

Niliporudi hospitali nilimkuta yule mke wa Punia amesimama mlangoni pa materinite. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye Salongo, matope mpaka magotini, panga lake ameliegemeza ukutani. Sijui nani alimwambia. Hakunisalimia.

"Nasikia munatafuta damu," alisema. "Batoe yangu."

Mama aliinuka kutoka pale alipokuwa amekaa sakafuni.

"Hapana," alisema. "Hiyo hapana. Mutoto wangu hawezi kuingizwa damu ya mutu wa pori. Tena mke mwenza! Unataka kumutilia nini ndani?"

Yule mwanamke alimgeukia mama. Uso wake haukuonyesha hasira. "Mama," alisema, "akikufa, ule mutoto atalelewa na nani? Njo mimi. Niko na batoto batano tayari. Sina nguvu ya kuongeza wa sita."

Alisema hivyo tu. Si maneno ya upendo, na sijawahi kusikia mtu akiyasema kwa ukavu zaidi. Mama akafungua kinywa, lakini mkunga alikuwa ametokea mlangoni, mikono imejaa damu ya Yaya.

"Mukimaliza kupigana," alisema, "muniambie, nijue kama ninatafuta chupa ao ninatafuta sanda."

Mama akakaa chini. Akajifunika uso na mtandio.

Tone la yule mwanamke liliwekwa kwenye kigae pamoja na la Yaya. Yalichanganyika yakatulia, laini, rangi moja. Fundi alitikisa kigae, akangoja, akatikisa tena. Kisha akaguna na kwenda kutafuta chupa.

Walimlaza kwenye benchi. Damu yake ilishuka kwa mrija ndani ya chupa ya kioo yenye dawa ya kuizuia isigande, na fundi aliitikisa chupa taratibu muda wote, kama anambembeleza mtoto. Ilikuwa bado ina joto walipoitundika juu ya kitanda cha Yaya. Nilikaa pale nikitazama matone. Midomo ya Yaya ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jiko; kidogo kidogo ikaanza kupata rangi. Mke mwenza alikuwa amekaa kwenye ngazi nje, anakula ndizi aliyopewa na mkunga. Kisha alichukua panga lake akarudi kwenye Salongo, kwa sababu asiyeonekana pale aliandikwa jina na kutozwa faini.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Sisi tulifikiri yameishia. Mama alikwisha kuanza kufunga vyombo.

Homa ilikuja Yaya akiwa anaanza kukaa kitandani. Asubuhi alikunywa uji, mchana meno yakawa yanagongana. Harufu ilifuata. Sitaieleza harufu hiyo. Aliyeuguza mama mzazi mwenye uchafu tumboni anaijua, na asiyeijua namwombea asiijue. Daktari alibonyeza tumbo, akauliza maswali machache, akaandika penisilini.

Tangu hapo siku zangu zilipoteza majina. Sindano ya penisilini ilichomwa asubuhi, mchana na jioni, na kabla ya kuchomwa ilibidi ichemshwe, na aliyechemsha ni mlinzi wa mgonjwa. Nilipuliza makaa uani pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kijisufuria chake, sindano na bomba vikigongana ndani ya maji yanayochemka. Wengi wao walitoka Alunguli, ng'ambo ya mto; wagonjwa wao waliletwa kwa mtumbwi, na wao wenyewe walivuka Lualaba kila siku kutafuta chakula. Hatukuzungumza sana. Mmoja akisinzia, mwenzake alimsogezea sufuria isimwunguze.

Maziwa ya Yaya yalikuwa yamekauka kwa homa. Kwa hiyo nilinyonyesha mimi: wangu upande huu, wake upande ule. Yule mchanga alinyonya kwa hasira, kama anayedai haki yake. Wangu, aliyekuwa mkubwa kidogo, alimsukuma kwa mguu. Nilikuwa nanyonyesha nikiwa nimesimama, nanyonyesha nikifua, nanyonyesha huku nimeshika chupa ya serumu juu kwa sababu msumari wa kuitundikia ulikuwa umeng'oka. Nilifika mahali ambapo mtu akiniita jina langu nilichelewa kujua kama ni mimi.

Mke mwenza alikuja kila mchana na chakula. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki wa mtoni. Aliweka sufuria chini, akakaa kwenye kona ya kitanda cha jirani, akamtazama Yaya. Yaya alitazama ukuta. Hawakusemezana. Damu ya mmoja ilikuwa inazunguka ndani ya mwingine, na bado mke mwenza aliniambia mimi: "Muambie ale samaki, imepikwa bila pilipili." Na Yaya, akiwa palepale, akanijibu: "Muambie nimesikia."

Homa ilishuka. Ilishuka kwa shida, inapanda na kushuka, lakini siku moja niliamka nikamkuta Yaya anajifuta jasho la kawaida, na tumbo lake limelala. Nililia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha. Siku hiyohiyo, nilipomwinua nimwogeshe, aliniambia mguu wake wa kushoto ni mzito.

Nilifunua kikwembe. Mguu ulikuwa umevimba kutoka kwenye paja mpaka kwenye vidole, ngozi imekazwa inang'aa, na una joto. Ukiulinganisha na wa pili, ungesema ni miguu ya watu wawili tofauti.

Daktari aliupima kwa uzi, wa kushoto na wa kulia, akanionyesha tofauti. Aliubonyeza nyuma ya goti na Yaya akaguna. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Damu imeganda ndani ya mushipa," alisema. "Imefanya kizibo. Inatokea kwa bamama baliozaa, zaidi kama balilala sana na homa. Sasa musikie vizuri. Mugulu huu usiguswe. Musiukande, musiuchue na mafuta, musimtembeze. Muuinue juu ya mito, basi. Kile kizibo kikikatika, kinaweza kupanda mpaka kwenye mapafu. Hapo sitakuwa na la kufanya."

Mama alikuwa amesikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Juzi mulilia kwamba damu inakataa kuganda," alisema. "Leo munalia kwamba imeganda. Nyinyi baganga, munataka nini?"

Daktari alicheka, kicheko kifupi cha mtu asiyelala. "Mama, uko na haki. Ninataka igande kule, na hapa itembee. Lakini damu hainisikilizi."

Dawa ya kuifanya damu nyepesi, alisema, inaitwa heparini. Kindu haikuwepo. Aliulizia kwa masera, watawa wa kike wa misheni, haikuwepo. Labda kwenye hospitali ya reli, huko kusini. Shemeji alikuwa amekwisha kufika kutoka Kibombo. Alikuja akiwa na nguo zilezile za kazi, akamshika mtoto wake kwa mara ya kwanza, akaelezwa, na jioni ileile akaenda kituoni kuomba apigiwe simu ya reli, kutoka kituo hadi kituo, kutafuta dawa. Kisha akaondoka tena na treni ya kwanza iliyotoka, kuifuata. Nilimwona akitoka lango la hospitali, nikafikiri: huyu mtu kila siku anatuaga.

Tukabaki tunangoja. Mguu juu ya mito, na mito yenyewe ilikuwa magunia tuliyoyajaza nguo kuukuu.

Siku moja nilikwenda mtoni kufua. Niliporudi na beseni nilisikia kelele tangu uani. Nilimkuta mama na mke mwenza wameshikana mikono juu ya kitanda cha Yaya, kila mmoja anavuta kwake, na chupa ya mawese imeanguka sakafuni. Mama alikuwa amekuja na mawese yaliyopashwa moto na majani aliyoletewa na mwanamke mmoja wa Kabambare, mchuaji anayesifika. Alikuwa ameanza kuchua mguu. Mke mwenza aliingia na sufuria yake ya chakula, akaona, akairusha sufuria pembeni na kumshika mama viganja.

"Muache!" mke mwenza alikuwa anasema. "Munganga alikataza! Utamuua!"

"Wewe njo unataka afe!" mama alipiga kelele. "Mugulu wa mutoto wangu unaoza, unanikataza kumuponyesha! Uliona damu yako haikutosha kumuua, sasa unangoja mugulu umumalize!"

Wanawake wa vitanda vingine walikuwa wamekaa wima. Mtoto mchanga alikuwa analia. Mimi nilisimama na beseni la nguo mbichi kichwani na nikasikia kwamba sina nguvu ya kulishusha. Ni Yaya aliyesema.

"Mama, acha."

Mama alimgeukia.

"Acha, mama. Anasema kweli. Na yeye," aliinua kidole kuelekea kwa mke mwenza, bado bila kumtazama, "yeye angetaka nife, angebaki tu nyumbani ile siku."

Mama aliachia mikono. Alitoka akaenda kukaa nje kwenye ukuta, na alikaa hapo mpaka jua likazama, mtandio juu ya kichwa, hataki maji, hataki mtu. Nilipomfuata aliniambia kitu kimoja tu: "Niliwakuza kwa hii mikono. Homa zenu zote nilizitoa kwa hii mikono." Alikuwa anasema kweli.

Siku iliyofuata, asubuhi, Yaya alikuwa anakunywa chai. Ghafla alishika kifua, kikombe kikamwagika. Alivuta pumzi fupifupi kama aliyetoka kukimbia, akakohoa, na kwenye kikwembe mkawa na damu. Daktari aliitwa akaja mbio. Alisikiliza kifua, akamwinua mgongo, akaagiza apewe hewa kutoka kwenye mtungi uliokuwa na hewa kidogo. Kipande kidogo kimekatika, alisema. Kama kingekuwa kikubwa tusingekuwa tunaongea. Mama alimshika mkono akamuuliza kama ni kwa sababu ya mafuta yake. Daktari alimtazama usoni.

"Inaweza kukatika hata bila kuguswa, mama. Hakuna anayejua."

Kama alisema kweli au alimhurumia, sikupata kujua.

Shemeji alirudi na dawa. Ilikuwa ndani ya boksi dogo, imezungushiwa nguo mbichi ndani ya kopo ili isipate joto, na alikuwa ameishika magotini safari nzima, akaniambia, hata usingizini. Nilidhani daktari atafurahi. Alifungua boksi, akasoma maandishi, akayasoma tena.

"Iko na shida," alisema. Alituita wote: mimi, mama, shemeji, na mke mwenza ambaye hakuna aliyemwita lakini alikuja. "Dawa hii inazuia damu isigande. Lakini huyu mama alitokwa damu mingi, si zamani. Kidonda cha ndani labda kimepona, labda hakijapona. Nikimupa, anaweza kuanza kutoka damu upya. Nisipomupa, kizibo kingine kinaweza kupanda. Sina mashine ya kuniambia. Mimi naona tumupe. Lakini niliona mubaya nisiwaambie."

Shemeji alimtazama mama. Mama alitazama chini. Nilijua wanangoja mwanaume aseme, na mwanaume hawezi.

"Mbona hamuniulizi mimi?" Yaya alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imechoka, na ndani yake mlikuwa na kero, ile kero yake ya siku za afya. "Mugulu ni wangu. Damu," akasita, "damu ni yangu na ya mwenzangu. Mutie hiyo dawa. Nimechoka kulala kama mufu anayengoja kubebwa."

Walimtia. Kila asubuhi kabla ya sindano daktari alichukua damu kidogo ndani ya kijichupa chembamba cha kioo, akakishika kiganjani kipate joto la mwili, akawa anakiinamisha na kukiinua, anatazama saa yake ya mkono, anatazama damu. Ikiganda haraka, aliongeza dawa. Ikichelewa sana, alipunguza. Sisi walinzi tulikuwa tunamzunguka, tunashika pumzi kama watu wanaotazama kamari. Fizi za Yaya zilitoa damu kidogo, mikono ikawa na mabaka ya buluu kila palipochomwa, na kuna siku kikwembe chake kilikuwa na damu tena. Daktari aliruka sindano moja. Damu ikaacha. Akaendelea.

Boksi liliisha. Hakukuwa na lingine. Lakini maumivu ya kifua hayakurudi, na mguu ulianza kunywea, kwanza paja, kisha goti, hadi siku moja niliona mfupa wa kifundo na nikamwita kila mtu aje auone.

Tulimrudisha nyumbani juu ya baiskeli ya kusukumwa, mguu umefungwa bendeji, shemeji anashika usukani, mke mwenza anasukuma nyuma. Mama alifuata na beseni. Hakusema asante kwa mtu yeyote, ila nilimwona amemkatia yule mwanamke kipande cha kikwembe chake kipya akamwekea kwenye mfuko, akadhani hakuna anayeona.

Mguu haukurudi kuwa kama wa pili. Hadi uzeeni Yaya aliuvuta kidogo, na jioni ulivimba, na viatu vyake alinunua vya kamba ili vipanuke. Hakuzaa tena, mimba haikushika. Kuhusu wao wawili, watu hupenda kusikia kwamba walipendana. Nilichoona mimi ni hiki: wiki ile ya kurudi, nikiwa bado kwao kumsaidia, nilisikia makelele uani, nikatoka, nikakuta Yaya amesimama kwa fimbo mlangoni kwake na mwenzake mlangoni kwake, wanatukanana juu ya kuku aliyekula mchele. Wanatukanana uso kwa uso, jina kwa jina. Shemeji alikuwa amekaa katikati anakula, na hakuinua kichwa. Walitukanana hivyo miaka yote iliyofuata, na mmoja akiugua, mwingine ndiye aliyepika.

Mume wangu alifika kutoka Kampene siku chache baada ya sisi kutoka hospitali, kwa lori la wachimbaji, mchana wa jua kali. Alinikuta nimekaa mkekani barazani, mtoto huku, mtoto huku. Alinitazama akashtuka jinsi nilivyokonda. Akakaa, akavua kofia, akasema: "Nieleze basi. Nilisikia njiani kwamba kulikuwa na ugonjwa."

Nilianza kumweleza. Nilisema ilikuwa siku ya Salongo, tukatembea kwa miguu. Nakumbuka alikuwa anaitikia. Kisha sikumbuki. Aliniambia baadaye kwamba nilinyamaza katikati ya neno, kichwa kikaegemea ukuta, na kwamba aliwatoa watoto mmoja mmoja mikononi mwangu bila kuniamsha.